Mjadala: Bushi (bomba fupi la chuma linalozungukia ekseli) iliyokerezwa kiwandani wakati wa ukarabati, ilipe ushuru?

Karani wa Ghala: Wakuu, tuichukue India, maana huko hadi Juni 2017, kabla GST (kodi ya bidhaa na huduma) haijaanza, ushuru wa bidhaa uligusa karibu kila kinachotoka kiwandani, si bidhaa chache tu kama bia na sigara. Kesi za enzi hizo bado zinaburuzwa. Kiwanda cha sukari kinakereza bushi za shaba na pini kwenye karakana yake, kinazifunga kwenye kinu. Kimezalisha bidhaa hapo? Na ile Cenvat, yaani kukata kwenye ushuru wako ule uliokwisha kulipwa kwenye manunuzi, iguse vyuma na vijiti vya kuchomelea? Mimi nasema hapana kote. Mafundi ukiwaachia watadai hadi ya sabuni ya kunawia.

Mkerezaji: Fundi hajawahi kujaza ritani ya ushuru. Anayedai ni mhasibu, na karani ndiye anayempa karatasi chafu. Tuheshimiane.

Bi Mizania: Jamani, swali. Bushi ni bidhaa mpya: jina, sura na matumizi vimebadilika, kipimo cha kesi ya Delhi Cloth Mills ya miaka ya 1960. Kilichoiokoa ni tangazo la serikali namba 67/95, lililosamehe mtambo na vipuri vyake vikitengenezwa na kutumika ndani ya kiwanda kilekile. Bushi hiyo ikipelekwa kiwanda kingine cha kampuni hiyohiyo, msamaha ulikwisha, na ushuru ulipigwa kwenye asilimia 110 ya gharama ya kuitengeneza.

Pwani Kodi: Kuna ile kesi ya kampuni ya Grasim, Mahakama ya Juu, 2010 kama sikosei. Si walisema ukarabati hautozwi?

Bi Mizania: 2011. Na ilihusu chuma chakavu kilichotokana na ukarabati kwenye kiwanda cha saruji: kukarabati mashine si kuzalisha chakavu, hata kama chakavu kimetajwa kwenye jedwali la ushuru. Haikusema neno juu ya bushi mpya.

Karani wa Ghala: Tena vijiti! Kijiti kinaziba ufa, kinaisha. Sukari haikioni.

Mkerezaji: Sukari inakiona sana, ndugu. Rola inayokamua muwa ikilainika, muwa unateleza, kinu hakivuti. Dawa yake ni kurushia matone magumu ya weldi kwenye mbavu za rola huku inazunguka na kukamua. Msimu mzima. Huo ni ukarabati au ukamuaji?

Karani wa Ghala: Basi kila kijiti kitaandikwa "cha rola", hata kilichounga geti.

Mkerezaji: Hati ya kutolea vijiti ibebe namba ya mashine, zamu na kilo, na vijiti vya rola viwe na namba ya ghala ya peke yake. Vipande vilivyobaki virudi kwenye mizani. Kiwanda kikiandika "karakana, kilo 50" mkaguzi anazikataa zote. Hiyo ni kazi ya karani, kwa taarifa yako.

Pwani Kodi: Mnagombana bure. Tangu Aprili 2011 tafsiri ya pembejeo, yaani vitu vya kuzalishia vinavyopata Cenvat, ilipanuliwa hadi vitu vyote vinavyotumiwa kiwandani na mzalishaji, isipokuwa vilivyotengwa.

Bi Mizania: Na hivyo vilivyotengwa ndivyo vilivyouma. Tangu Julai 2009 chuma cha pembe cha kushikilia mtambo, nondo za msingi na saruji havikuwa na Cenvat. Chuma kilekile kikigeuka kipuri cha kinu, kilikuwa nayo. Bila mchoro na namba ya kazi utavitofautisha vipi?

Karani wa Ghala: Rola lenyewe likitolewa nje kuvalishwa gamba jipya la chuma je?

Bi Mizania: Lilitakiwa litoke na chalani, yaani hati ya kusindikiza mzigo. Lilipaswa kurudi ndani ya siku 180. Kuanzia Machi 2015 mitambo ilipewa miaka miwili. Likichelewa, ulirudisha Cenvat uliyokata, likifika uliikata upya. Gamba la zamani likibaki kwa aliyelivua, uliza nani kaliuza na kwa hati ya nani.

Mkerezaji: Muulize karani.