Tupeane uzoefu: Presha ya macho ndani ya familia, nani kapimwa na nani bado?

Wakuu, habari za humu. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma.

Naomba tuzungumze kuhusu presha ya macho, au glakoma, hasa ile inayokuja taratibu bila kuuma. Nyumbani kwetu imeshachukua jicho moja la mzee na nusu ya jingine, na mwaka huu kaka yangu mkubwa kakutwa nayo. Naona watu wengi hapa mkoani wanaijua siku imeshaharibu, kwa hiyo waliopitia watusaidie.

Mzee wetu alikuwa mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Vijana aliokuwa akivua nao usiku ndio walioanza kuona mabadiliko. Mtumbwi mwingine ukija kwa upande wa kushoto hauoni mpaka wampigie kelele. Lakini mchana anakaa kivulini, anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe na kushona nyavu bila shida. Nani angesema mtu huyo ana ugonjwa wa macho? Watu wote walisema ni uzee. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba ndivyo ulivyo: unaanza kula pembeni, katikati unaacha mpaka mwisho.

Alipofikishwa hospitali, presha ya jicho la kushoto ilisoma 36, wakati kawaida ni kati ya 10 na 21. Daktari akatuambia mshipa wa fahamu wa jicho umekufa kwa sehemu kubwa na kilichopotea hakirudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kisha akamuuliza mzee: "Una watoto wangapi, na wadogo zako wako wapi?" Hapo ndipo kaka akapimwa.

Basi naomba kila mwenye uzoefu aseme: kwenu ilianzia kwa nani, na nini kilikufanya ukapime?

MamaSalha, Gungu
Pole sana kwa mzee, ndugu yangu. Kwetu haikuanzia kwa mtu mzima, ilianzia kwa mtoto wa dada, yuko kidato cha pili.

Huyu mtoto tangu mdogo ana mzio wa macho. Kiangazi kikikolea, vumbi likianza, anayafikicha mpaka weupe wa jicho unakuwa kama umepakwa kahawia. Duka moja la dawa likawa linampa dada kichupa cha matone, hakuna cheti wala swali. Kweli yalifanya kazi: kesho yake tu mtoto hawashwi. Kikiisha, anatumwa dukani na kichupa kitupu mkononi aonyeshe, anapewa kingine. Ikaenda hivyo miaka.

Shuleni akaanza kugongana na wenzake mlangoni. Daktari wa macho aliomba aone kichupa, akasoma ubavuni: deksamethasoni. Hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho. Akatueleza kwamba kwa baadhi ya watu, steroidi ikitumika muda mrefu inafanya ile njia ya kutolea maji ya ndani ya jicho iwe nzito kupitisha, presha inapanda, na mtu hasikii chochote. Na si ya matone peke yake. Hata vidonge, na krimu zile kali za kupaka usoni karibu na macho, zinaweza kuleta hayo.

Jicho moja la mwanetu halitarudi. Nasema hili kwa uchungu: dawa ya steroidi ya macho isiuzwe kama pipi. Wazazi wenye watoto wa mzio, someni kichupa leo hii. Na kama mtoto anaitumia, msiikatishe tu wenyewe, mpelekeni kwa daktari wa macho ampime na ambadilishie.

Kijana wa Urambo
Shikamoo wakubwa. Mama yangu presha ya macho ilisoma 17, tukarudi nyumbani tukifurahi. Mwaka uliofuata daktari mwingine akampanua mboni kwa dawa, akaangalia nyuma ya jicho, akasema mshipa umeshaliwa. Kumbe mtu anaweza kuwa na presha ya kawaida na bado akawa na glakoma. Tena ana konea (kioo cha mbele cha jicho) nyembamba, na konea ikiwa nyembamba kipimo kinasoma chini kuliko presha yenyewe ilivyo. Kwa hiyo ukienda usiridhike na namba tu. Omba waangalie na mshipa.

Muuguzi wa macho, Tabora
Marahaba, umesema kweli tupu. Niongeze kidogo kwa sababu naona maswali yanakuja hata kwenye inboksi.

Sisi watu weusi tumo kwenye kundi la hatari zaidi, na kwetu ugonjwa huu huanza mapema na huenda kasi kuliko kwa Wazungu. Umri nao: ukivuka 40, hatari inapanda kila mwaka. Kuna utafiti ulifanyika Kongwa, Dodoma, ukachapishwa mwaka 2000: kwa watu wa miaka 40 kwenda juu, karibu 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma, na wengi wao ni aina hii inayokuja taratibu bila kuuma, inaitwa ya pembe iliyo wazi. Weka hesabu hiyo kwenye mkutano wa kijiji uone ni watu wangapi.

Wanaovaa miwani yenye nguvu kubwa ya kuonea mbali, namba za kutoa sita na kuendelea, nao wapimwe mapema. Aliyewahi kupigwa jichoni vilevile, hata kama ni zamani.

Lakini mimi nikimpata mgonjwa mmoja, wa kwanza ninaowaulizia ni ndugu wa tumbo moja. Kisha watoto. Mtu mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye glakoma akifika miaka 35 asisubiri dalili, kwa sababu dalili haiji. Na kupimwa presha ya damu mkononi hakukuambii kitu kuhusu ya jichoni. Nimepokea watu waliokaa na amani miaka kwa sababu hiyo.

Mzee wa Mwanga
Mimi natumia matone ya timolol, ya kushusha presha ya macho. Niliwaficha kuwa nina pumu, kifua kikanibana usiku. Wenye pumu semeni mapema, ziko dawa nyingine.

MamaSalha, Gungu
Pole baba. Na gharama je? Shemeji yangu aliacha matone kwa sababu anasema haoni tofauti.

Muuguzi wa macho, Tabora
Ndiyo sababu kubwa ya watu kupofuka wakiwa na dawa kabatini, mama. Matone hayaongezi kuona, kwa hiyo mgonjwa anadhani hayafanyi kazi. Kama kila mwezi ni shida kununua, aulize kuhusu leza (tiba ya mwanga mkali) au upasuaji. Hospitali ya KCMC, Moshi, walilinganisha leza na timolol, matokeo yakatoka 2021: baada ya mwaka, leza ilifanikiwa kwa macho 61 katika 100, timolol kwa 31. Haipatikani kila hospitali, ila rufaa inaandikwa.

Binti Buhigwe
Baba yangu mdogo anayo, na baba yangu mzazi amekataa katakata kwenda. Anaogopa wataingiza kitu jichoni. Inauma?

Mleta mada
Dada, hapana. Wanadondosha tone la ganzi, kisha kifaa kinagusa jicho kwa sekunde chache. Kuna mashine nyingine zinapuliza upepo tu. Mwambie baba kwamba kaka yangu mwenyewe, ambaye haogopi ziwa lakini anaogopa sindano, alitoka anauliza kama wamemaliza. Kinachosumbua ni tone la kupanua mboni: kwa saa kadhaa ataona ukungu na jua litamchoma macho. Asiende na pikipiki yake. Mtu amsindikize, abebe kofia, na abebe vichupa vyote vya dawa anazotumia, hata za kifua na za ngozi. Baba mdogo naye aende naye siku hiyohiyo, daktari atataka kujua wamezaliwa tumbo moja.