Kontena la vigae hadi Moshi: nipitishe Tanga, Dar au Mombasa?

Ndugu wa Majengo
Wakuu, habari za kazi. Naleta kontena la futi 20 la vigae kutoka China, duka liko Moshi. Miaka yote nimepitisha Dar. Sasa wengine wananivuta Tanga, wengine Mombasa. Mliopitisha mzigo karibuni, nisaidieni. Vigae havitaki misukosuko.

Mzee wa Spea
Kijana wangu, Tanga niliikimbia na sasa nimerudi. Zamani gatini kina kilikuwa mita 3 tu. Meli ilitia nanga kilomita 1.7 huko nje, kontena likashushwa kwenye tishari, lile boti bapa la mizigo, tishari likavutwa hadi gatini, winchi ikalinyanyua tena. Siku moja nilifungua mlango hapa Moshi, katoni za taa za magari zimelala ubavu na vioo chini vimesagika kama chumvi ya mawe. Hasara ile niliibeba peke yangu. Sasa wamechimba hadi mita 13 na gati la mita 450 linapokea meli mbili. Meli inafunga kamba palepale, kontena linashuka mara moja. Kwa vigae, mimi ningekwenda Tanga.

Dada Kahawa, Arusha
Shikamoo mzee. Tanga ni nzuri, ila ulizeni ratiba ya meli kabla ya bei. Dar meli za makontena ni nyingi zaidi, ukikosa moja unapata nyingine. Mimi napeleka kahawa nje. Meli ikichelewa, magunia ya kilo 60 yanakaa kwenye unyevu wa pwani, na kahawa iliyokaushwa vizuri huku mlimani inaanza kuvuta maji. Mnunuzi akionja anajua.

Dereva wa Same
Kaka, lori la Dar na la Tanga yanakutana Segera, kuja Moshi barabara ni moja. Tofauti ni kipande cha nyuma: Tanga hadi Segera ni kama kilomita 70, Dar hadi Segera ni kama 280. Hapo kuna dizeli ya zaidi ya kilomita 200, na kontena tupu linarudi njia hiyohiyo! Mkubaliane mapema nani analirudisha na kwa siku ngapi, la sivyo demareji, tozo ya kuchelewesha kontena, itakula faida.
Mombasa kupitia Voi na Taveta ni karibu kweli, lakini unashughulika na forodha za nchi mbili. Karatasi ikikosewa, unalala mpakani Holili.

Mama Ujenzi
Na treni? Ya mizigo ilirudi Moshi 2019.

Dereva wa Same
Ipo, dada. Inamfaa asiye na haraka.

Ndugu wa Majengo
Asanteni sana. Nimemwandikia muuzaji anitajie meli ya Tanga na tarehe yake. Ikipatikana mwezi huu, napita Tanga. Nikifungua mlango nitaweka picha hapa, vigae vikiwa vizima au vimevunjika.