Popo wamejaa darini Mwatate: ni kweli wana Ebola, na tuwaue?

Mama_Mghoi
Hamjambo nyote. Niko Mwatate. Juu ya chumba wanacholala watoto wangu, kati ya mabati na dari, wamejaa popo wale wadogo wenye mkia uliochomoza kama wa panya. Jioni huanza kutoka mmoja mmoja, halafu ni kama mtu amemwaga gunia. Harufu tumeizoea. Lakini juzi mwalimu wa kijana wangu alisema popo wa aina hii walikutwa na Ebola hapahapa Taita, na tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Baba watoto anataka kuziba matundu wakiwa ndani, awafukize kwa pilipili mpaka wafe. Kuna anayejua ukweli?

Voi_Mashinani
Pole mama. Sisi tuliwafukiza mwaka juzi. Wakaanguka vitandani na watoto wakawaokota kwa mikono. Haikupita muda wengine wakarudi.

Mbeba_nyavu
Mama Mghoi, mzuie mzee kwanza.

Mwalimu hakukosea. Kirusi hicho kinaitwa Bombali, kwa jina la wilaya ya Sierra Leone, na kilitangazwa 2018. Ni cha sita katika jamii ya Ebola. Mwaka huohuo popo wa aina hiyo alinaswa huku Taita akiwa nacho, na 2019 kikapatikana hadi Busia. Maabara imeonyesha kinaweza kuingia kwenye seli za binadamu, kwa hiyo si cha kudharau. Ila hajajulikana mtu hata mmoja aliyeugua kwa sababu yake.

Nimewabebea nyavu watafiti wa popo misimu mitatu. Popo akinaswa anatiwa kwenye mfuko wa kitambaa, anapimwa mkono kwa rula, kijiti cha pamba kinapitishwa mdomoni na nyuma, halafu anaachiwa. Huko Sierra Leone Bombali ilijulikana kwa vijiti kama hivyo. Wenye nyumba walikuwa wakituuliza kama sisi ndio tumewaletea ugonjwa. Niliwajibu kwamba kijiti kinaonyesha kilichokuwamo tangu babu alipoezeka nyumba.

Kuhusu kuua, sikiliza yaliyotokea mgodi wa Kitaka, Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji walipata Marburg, ugonjwa ulio ndugu wa Ebola, kutoka kwa popo wala matunda wa mle. Baadaye watu wakaziba mgodi na kuwaua popo kwa maelfu. Watafiti waliporudi 2012 walikuta popo wachache wamehamia tena, na waliokuwa na kirusi walikuwa asilimia 13, wakati zamani walikuwa kama 5. Mwaka huohuo Marburg ikazuka Ibanda, kilomita 20 hivi kutoka hapo. Hizo nambari hunijia kila ninaposikia mtu akitaja kufukiza.

Mama_Mghoi
Asante sana ndugu yangu. Mzee nimemsomea, amenyamaza. Lakini watoto je, wakiguswa?

Bi_Mkubwa_Msambweni
Mwanangu, hapo msibahatishe. Huku kwetu, kwenye pango karibu na Shimoni, mwaka 2009 popo mmoja mkubwa alikutwa amekufa, na ubongoni mwake kukatoka kirusi kipya, ndugu wa kile cha kichaa cha mbwa. Kikaitwa Shimoni. Mtoto akiumwa au akiparuzwa na popo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo na useme wazi kuwa ni popo. Usingoje kidonda kivimbe.

Mbeba_nyavu
Bi Mkubwa amesema kweli. Wafundishe watoto wasiokote popo, mzima wala mfu.

Kuwatoa ni hivi. Hakikisha kwanza hakuna vitoto visivyoweza kuruka, maana mama zao wakizuiwa nje vitafia darini. Kaa nje wakati wa magharibi siku mbili uone wanatokea tundu lipi. Ziba mengine yote, na kwenye hilo moja ninginiza kipande cha wavu wa matundu madogo, kimefungwa juu na pembeni, chini kimeachwa wazi. Watateleza kutoka, kurudi hawataweza. Kiache wiki moja, halafu ziba kwa saruji. Kinyesi usikifagie kikavu: kirowanishe kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, vaa glavu na barakoa, na watoto wasiwe karibu.

Nikifika Mwatate mwisho wa mwezi naweza kupita jioni tuangalie hilo tundu pamoja na mzee.