Spika ndogo za nyumbani: tuchague kwa vipimo au kwa masikio?

Mleta mada:

Wadau, kila mtu akiuliza anunue spika gani ndogo za kuweka juu ya rafu au stendi, jibu ni lile lile: "Nenda kasikilize, itakayokufurahisha ndiyo yako." Wanaolitoa wana nia njema, lakini mimi nalipinga. Nasema vipimo, yaani grafu na namba za jinsi spika inavyotoa sauti, viamue kwanza ni spika zipi zinastahili kusikilizwa, kisha masikio yachague kati ya hizo, tena nyumbani kwako na si kwa muuzaji. Naomba tulijadili kwa hoja.

Kwa muuzaji unasikia chumba chake na amplifaya yake. Zaidi ya hapo, unasikia tofauti ya nguvu ya sauti bila kuitambua. Spika inayotoa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 1 au 2 zaidi ya mwenzake, kitufe cha sauti kikiwa palepale, huioni kuwa imepaza sauti. Unaiona ni nzuri zaidi. Besi imejaa, ala ndogondogo zimejitokeza. Watafiti Fletcher na Munson walishachapisha tangu 1933 kwamba sikio halisikii masafa yote (sauti nzito hadi nyembamba, zinazohesabiwa kwa Hz) sawa, na kwamba sauti ikipungua, besi ndiyo hupotea mapema. Basi ukilinganisha spika yenye unyeti (sauti inayotoa kwa umeme uleule) wa desibeli 88 na yenye 84 bila kusawazisha sauti, mshindi amepatikana kabla wimbo haujaanza.

Halafu kuna macho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambamo wafanyakazi 40 wa Harman, kampuni inayotengeneza spika, walizipa alama spika nne: mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa. Walipoziona, alama za zile kubwa za bei zilipanda. Kilichonigusa zaidi ni hiki: spika zilipohamishwa ndani ya chumba, wasikilizaji walihisi mabadiliko hayo vizuri zaidi wakiwa hawazioni. Macho yaliwanyima kitu ambacho masikio yao yalikuwa na uwezo kamili wa kukisikia. Hao ni watu wa kazi hiyo. Sisi wengine je?

Toole alikuwa ameanza uchunguzi huu miaka mingi nyuma, katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada. Matokeo yake yanawaudhi wengi wanaosema "kila mtu na sikio lake", kwa sababu watu wasipoziona spika hukubaliana kuliko tunavyodhani. Wengi huipenda ile ambayo mstari wake wa masafa (grafu ya nguvu ya sauti kwa kila masafa) ni laini na ulionyooka mbele, na ambayo sauti inayotoka pembeni inafuata sura ileile, ikishuka polepole.

Hapo kwenye pembeni ndipo spika ndogo nyingi zinapoanguka. Chukua spika ya kawaida, wufa (kipaza cha sauti nzito na za kati) ya inchi sita na nusu na twita (kipaza cha sauti nyembamba) ya inchi moja. Koni ya wufa hiyo ina upana wa kama sentimita 13, na wimbi la 2,600 Hz lina urefu kama huohuo. Kadiri masafa yanavyoelekea huko, wufa inaacha kutawanya sauti na inaanza kuirusha mbele tu. Kisha krosova, sakiti inayogawa masafa kati yao, inamkabidhi kazi twita, ambayo kwa udogo wake inatawanya kila upande. Kwenye grafu ya pembeni utaona bonde, na baada yake kilima. Ukikaa mbele ya spika huenda usione kasoro, lakini sauti inayogonga kuta na kukurudia imebeba kilima hicho. Mwimbaji wa kike anakuwa mkali, herufi "s" inachoma. Kwa dakika kumi za kwanza unasema "spika hii ina uwazi". Baada ya jioni kadhaa unajikuta unapunguza sauti na hujui kwa nini. Mtengenezaji makini huizamisha twita kwenye bakuli lenye umbo maalumu ili mtawanyiko wake ulingane na wa wufa, na grafu inakuonyesha kama amefaulu kabla hujatoa hela yako.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, heshima kwako, ila unatupeleka maabara. Muziki ni hisia. Tazama LS3/5A ya BBC: kiboksi cha sentimita 30 kwenda juu, unyeti wa desibeli 82 au 83, besi inakata mapema, na grafu yake ina mwinuko kwenye besi ya juu. Kwa chujio lako isingepita. Lakini imetafutwa tangu miaka ya 1970 mpaka leo, na bado kuna viwanda vinavyoitengeneza. Weka sauti ya mtu anayeongea, utageuka kumtafuta chumbani. Grafu gani ilikuahidi hilo? Halafu vipimo vyenyewe huchukuliwa kwenye chumba kisichorudisha mwangwi. Mimi naishi sebuleni. Nanunua spika nizisikilize, sinunui nizisome.

Mleta mada:

Nimefurahi umeileta LS3/5A, maana ni shahidi wangu. Mafundi wa BBC waliitengeneza kwa kazi moja mahususi: kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo spika kubwa haienei na kinachosikilizwa sana ni maongezi. Walipima, wakasikiliza, wakarudi kupima. Zile kanda za nguo nzito zinazoizunguka twita hazikuwekwa kwa urembo. Zinanyonya sauti inayogonga kingo za boksi na kuvuruga ile inayotoka moja kwa moja. Ndiyo maana mtu akiongea unageuka kumtafuta.

Na udhaifu wote ulioutaja, mkuu, umeusoma kwenye vipimo. Mwenye kuvijua anainunua akielewa kwamba ataketi karibu, hataipeleka sauti mbali sana, na amplifaya yake isiwe dhaifu. Namba hazimkatazi mtu kitu. Zinamwambia anachokiacha kwa kuchagua anachokipenda.

Maana kuacha kitu ni lazima. J. Anton Hofmann, yule wa herufi H katika jina la kampuni ya spika ya KLH, alituachia kanuni ambayo hakuna boksi lililoikwepa: udogo wa boksi, besi ya chini na unyeti mkubwa, chukua viwili usahau cha tatu. Ukishuka oktavu moja (yaani masafa yakawa nusu) na kutaka nguvu ileile ya sauti, koni inatakiwa isogee mara nne zaidi. Inayosogea milimita 2 kwa 80 Hz itahitaji milimita 8 kwa 40 Hz, na 40 Hz ndiko uliko uzi mnene wa gitaa la besi, kwenye 41 hivi. Wufa ndogo itazitoa wapi milimita hizo? Kwa hiyo spika ya ukubwa wa kamusi inayodai desibeli 90 na besi ya 35 Hz, mojawapo ya namba hizo imerembwa. Anayetaka kushuka huko aongeze sabufa (spika ya besi pekee), aigawie kuanzia kama 80 Hz kwenda chini, na spika ndogo itapumua hata kwenye sauti za kati.

Sebule si maabara, hilo kweli kabisa, na linaniunga mkono. Kuanzia kama 300 Hz kushuka, chumba ndicho kinachotawala. Weka uso wa spika mita 1 kutoka ukuta wa nyuma yake: sauti inayorudi kutoka ukutani inakutana na ile ya mbele ikiwa kinyume chake kwenye 86 Hz hivi, na besi ya hapo inazama. Cheza wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka ngazi taratibu, halafu sogeza spika kiganja kimoja kimoja kuelekea ukutani. Utasikia noti moja iliyokuwa imemezwa ikifufuka na nyingine ikianza kuvimba. Sasa niambie, ukikaa kwa muuzaji utajifunza nini kuhusu noti hizo za kwako? Kinachobaki kilekile ukihamisha spika ni hizo sauti za kati na za juu, na hizo ndizo vipimo vinazieleza vizuri mno.

Mchangiaji wa pili:

Samahani nawakatisha. Amplifaya yangu ni wati 40 kila upande kwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Spika ninazozitaka zimeandikwa desibeli 85, omu 4. Nimeambiwa haziwezani. Ni kweli?

Mleta mada:

Ndugu, angalia kwanza kama kitabu cha amplifaya kinaruhusu omu 4. Kama hakiruhusu, ziache. Kama kinaruhusu, fahamu jinsi hiyo 85 ilivyopatikana. Kipimo cha kawaida ni volti 2.83 na maikrofoni mita 1. Volti hizo kwenye omu 8 ni wati 1, ila kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo 85 yako kwa wati moja ni 82. Ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu, mara kumi unapata 10. Kwa mtu anayeketi mita 2 hadi 3 na kusikiliza kwa kiasi, wati 40 zinatosha. Kwa sherehe hazitoshi, na hatari ni kuilazimisha amplifaya mpaka sauti ikwaruze. Hapo ndipo twita huungua. Tafuta pia ukinzani wa chini kabisa wa spika hiyo. Nyingine zimeandikwa omu 4 na kuna masafa zinashuka hadi 3.

Mchangiaji wa tatu:

Mleta mada unaongea kana kwamba vipimo vimejaa kila mahali. Spika nyingi karatasi yake inasema "45 Hz hadi 22 kHz", basi. Hakuna aliyeipima zaidi ya anayeiuza. Tufanyeje sisi ambao spika zetu hazina grafu?

Mleta mada:

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa. "45 Hz hadi 22 kHz" bila kusema sauti imepungua desibeli ngapi kwenye hiyo miisho si kipimo. Ikiandikwa "±3" inaanza kuwa na maana, na bado haikwambii chochote kuhusu pembeni. Mimi spika mbili zikikaribiana, naiweka mbele ile ambayo mtengenezaji amethubutu kutoa grafu zake, hasa zilizopimwa kwa utaratibu wa CTA-2034, unaoizunguka spika pande zote. Tukizidai kwa wingi zitatolewa.

Kama hazipo kabisa, maikrofoni ya kupimia na programu ya bure kama Room EQ Wizard vitakuonyesha mengi. Usipime kwenye kiti tu. Pima karibu mbele ya twita, kisha zungusha spika pembe ya nyuzi 30, halafu 60, maikrofoni ikiwa palepale. Ile sura ya bonde na kilima ikijitokeza utaiona hata kwa vifaa vya kawaida.

Na ukilinganisha kwa masikio, sawazisha sauti kwa mita, mwenzako abadilishe huku hujui inayocheza ni ipi.

Mchangiaji wa kwanza:

Kusawazisha sauti nakubali, na kusikiliza nyumbani nakubali. Kufichiwa spika sikubali. Nyumbani kwangu nasikiliza macho wazi. Kama mbao nzuri na historia ya spika vinanifanya niufurahie muziki zaidi, furaha hiyo ni ya kweli, na hakuna pazia litakaloifuta.

Mleta mada:

Ni ya kweli, na sina ugomvi nayo. Mtu anunue spika anayopenda kuitazama. Ila mbao utazizoea, wakati kilima cha pembeni kitakuwepo kila wimbo unapoanza, na kitaendelea kuchosha sikio hata siku ambayo hukuziangalia hizo mbao kabisa. Ndiyo sababu nataka pazia lije kabla ya kununua. Ukishajua mbili zote ziko sawa bila kuziona, lifunue na uchukue inayokupendeza macho. Wewe unataka mpangilio uanzie wapi? Hapo ndipo bado sijakuelewa.