Barua za marehemu: tulitaje jina lake la siri au tumwachie?

Wakuu, salaam kutoka Ujiji. Babu yetu mdogo alipofariki tulikuta uvunguni sanduku la bati limejaa barua: za rafiki yake wa Tabora, na nakala za alizomtumia yeye. Zamani babu akituma mashairi gazetini. Kumbe yule "Binti Unyanyembe" aliyelumbana naye miezi na miezi ni yeye mwenyewe! Anajisuta, anajijibu, vina na mizani vimetimia. Rafiki akizitia posta Tabora ili muhuri wa bahasha usimuumbue. Barua moja inaishia: "Siri hii tuzikwe nayo." Wajomba wanataka zichapishwe. Mimi nakataa. Naomba hoja.

MWALIMU MSTAAFU, TABORA: Poleni kwa msiba. Chapisheni. Barua za Shaaban Robert kwa nduguye Yusuf Ulenge, za 1931 hadi 1958, leo ni kitabu, nani kadhurika?

MLETA MADA: Shikamoo Mwalimu. Shaaban hakujificha. Mtazame mwandishi Romain Gary wa Ufaransa: tuzo ya fasihi ya Goncourt, ambayo mtu hupewa mara moja tu, aliipata 1956, kisha 1975 akaizoa tena kwa jina la Émile Ajar, ndugu yake akijifanya ndiye Ajar. Alikufa 1980, siri ikatoka mwaka uliofuata. Lakini maungamo aliyaandika kwa mkono wake. Babu aliandika kinyume chake.

WA URAMBO: Tena karatasi ni zenu, maneno ya rafiki si yenu. Hakimiliki ya barua ni ya aliyeiandika. Kawaoneni warithi wake kwanza.

DADA WA KIBIRIZI: Mnamsahau George Eliot, yaani Mary Ann Evans, mwandishi wa Uingereza aliyejificha nyuma ya jina la kiume. Mwandishi mwenzake, Charles Dickens, alimwandikia 1858 kwamba ananusa mkono wa mwanamke. Hakukimbilia gazetini, hapo nampa heko. Ila watu wa Nuneaton, kwao Mary Ann, walimvika sifa za vitabu vyake Joseph Liggins, na bwana yule wala hakuzikana! Mwaka 1859 mama wa watu ikabidi ajitokeze. Jina lisilo na mwenyewe huokotwa. Hebu sema kweli kaka, huko Tabora hakuna anayedai Binti Unyanyembe ni bibi yake?

MLETA MADA: Dada, umenibana. Wapo. Kwenye arobaini ya bibi yao walisoma shairi la "Binti" mbele za watu, ukumbi mzima ukalia. Nami nilikuwepo, nikalia nao. Sasa nikawaambie nini?