Mjadala: Tupunguze udahili wa vyuo vikuu, au tuwapeleke wanafunzi kazini mwaka mzima?

Wadau wa elimu, hasa mlioko huku Kanda ya Kati, habari zenu. Kuna hoja nasikia ikizidi kupata nguvu hapa Dodoma, kwenye daladala na hata kwenye ofisi za Serikali kule Mtumba: digrii haina thamani tena, vijana wamejaa mtaani na vyeti vyao, kwa hiyo udahili wa vyuo vikuu upunguzwe na fedha za mikopo zihamie VETA, kwenye mafunzo ya ufundi stadi. Naipinga hoja hii. Nanyi mnaoiunga mkono nipingeni, lakini nisomeni kwanza.

Kinachonikera ni kwamba wanaoisema kwa sauti kubwa wengi wana digrii, na watoto wao wako chuo kikuu au njiani kwenda. Anayeambiwa aende VETA ni mtoto wa mkulima wa Bahi au Manyoni. Ufundi ni kazi ya heshima na mafundi wazuri hatuna wa kutosha. Lakini aende ufundi kwa kuupenda, asiende kwa sababu mlango mwingine umefungwa. Elimu ya chuo kikuu hapa nchini ilianza mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Mwaka 2007 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwenye vilima vya Chimwaga, kikiwa kimepangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Mlango huo ukibanwa, mtoto wa mwenye nacho atapelekwa chuo cha kulipia au nje ya nchi. Wa Manyoni atarudi shamba.

Malalamiko yenyewe, hata hivyo, yana ukweli, na sitaki kuyafunika. Chukulieni zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mkulima wa Hombolo au Mpunguzi bado anahangaika na soko. Asipopata mnunuzi mapema, akamue mchuzi, yaani juisi ya zabibu, au aangalie mzigo ukioza. Kituo cha utafiti tunacho Makutupora. Vyuo vinavyofundisha kemia, biashara, uchumi na tehama vimetuzunguka. Lakini kijana wa shahada ya biashara anaweza kumaliza miaka mitatu hapahapa bila kukaa na mkulima wa zabibu hata msimu mmoja, bila kujua nani anapanga bei na kwa nini. Nadharia za masoko anazijua kutoka kwenye madesa, yaani notisi za kukariri, na madesa hayohayo ndiyo yanamvusha mtihani.

Mtaniambia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ipo. Ipo, wiki chache. Wiki ya kwanza kijana anahangaika na barua ya utambulisho, ya pili anatumwa kutoa kopi, na anapoanza kuaminiwa kazi muda umekwisha. Mhadhiri anayemsimamia ana wanafunzi wengi kupita kiasi, akifika anapitia kitabu cha kumbukumbu, anasaini, anaondoka.

Sasa tazameni fani nyingine. Daktari akihitimu anafanya kazi mwaka mzima hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kupewa usajili kamili. Mhandisi ana mpango wa miaka mitatu unaosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayetaka kuwa wakili hupita Shule ya Sheria. Kwa nini mwalimu, mhasibu, mtaalamu wa kilimo na wa tehama wapewe wiki chache?

Pendekezo langu: shahada ibaki miaka mitatu, lakini mwaka mmoja ndani yake uwe wa kazi. Uanze muhula wa pili wa mwaka wa pili, uishe muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu. Kozi zinazojirudia zifutwe kupata nafasi. Bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, liendelee kama kawaida. Halafu kijana arudi darasani muhula wa mwisho akiwa na maswali aliyokutana nayo kazini. Naamini huo utakuwa muhula mgumu kuliko yote kwa mhadhiri, na wenye faida kuliko yote.

Wengine watasema tulishajaribu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu, tena kwa mapendekezo ya chama na mwajiri. Wasichana walipungua, ikabidi waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Tofauti ni kwamba hapa kijana ameshadahiliwa, anabaki mwanafunzi, na hakuna barua ya mtu inayoamua kama atasoma au la.

Nafasi zitatosha? Wizara zimehamia hapa. Kuna halmashauri, soko la nafaka Kibaigwa, ranchi ya Kongwa, utafiti wa mifugo Mpwapwa. Kinachonitia hofu ni kitu kingine: binti wa miaka ishirini na mbili kukaa mwaka mzima chini ya bosi ambaye ndiye anayempa alama. Rushwa ya ngono tunaijua. Bila njia ya kulalamika iliyo nje ya ofisi hiyo, na haki ya kuhamishwa bila kupoteza alama, mpango huu mimi mwenyewe nitaupinga.

Tena usianzie kwa waliokwisha kudahiliwa. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliamriwa kuondoka UDOM katikati ya masomo. Mageuzi yaanze na wanaoingia, wakijua tangu mwanzo.

Kingine: sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, sekondari. Vijana wale wakifika chuo kikuu baada ya kujifunza kwa mikono, tutawapa madesa?

Naomba kusikia kwanza kutoka kwa mnaopokea vijana wa fildi kwenye halmashauri na kampuni. Mkiletewa kijana wa kukaa mwaka mzima, mngemkabidhi kazi gani? Mngetaka chuo kimfundishe nini kabla hajafika? Na nyie wahadhiri, kozi zipi mko tayari kuzifuta?