Naomba ushauri: binti yangu kapata sifuri kwa ajili ya Adamu, na nyumbani hakukaliki

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nina binti yuko kidato cha kwanza, tunaishi Arusha. Juzi karudi na karatasi ya mtihani wa Historia. Swali la hatua za mabadiliko ya binadamu alilijibu kwa mstari mmoja: Mungu alimuumba Adamu siku ya sita. Sifuri, wino mwekundu. Nikamuuliza kama hakusoma. "Nimesoma mama, yote nayajua. Ila kanisani tumeambiwa anayesema siku sita ni mfano amemkana Yesu. Sikutaka kumkana."

Nilijifungia chumbani nikalia.

Baba yake ni shemasi, alimpongeza. Mimi nimekulia Ulutheri, na mchungaji wetu alikuwa akitufundisha kwamba Mwanzo 1 inatuambia nani aliumba, haituambii alitumia saa ngapi. Nilipolisema hilo mezani, mume wangu alisukuma sahani: "Ukianza hivyo, kesho utasema na ufufuo ni mfano." Tangu hapo tunasalimiana tu.

Sitaki kumshinda mume wangu. Nataka kujua nimwambieje mtoto, bila kumvunjia heshima baba yake, kwamba anaweza kujibu mtihani na akabaki wa Yesu.

Mwalimu wa Historia
Pole sana dada. Nafundisha somo hilo na ni mzee wa kanisa. Mwambie mtihani unapima kama ameelewa somo, haumuulizi anaamini nini. Tena mengi tunayogombania hata darasani hayafundishwi hivyo. Lile fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, lina miaka kama milioni 1.75, na wataalamu wenyewe wanasema si babu yetu, ni tawi la pembeni lililokwisha. Mkipata nafasi mpelekeni makumbusho ya Olduvai akaone nakala ya nyayo za Laetoli. Kisigino na kidole gumba vimejichora kwenye majivu ya volkano kama vya mtu aliyepita jana kwenye tope, kumbe ni miaka milioni 3.6. Mimi nilisimama pale nikamtukuza Mungu.

Msabato wa Mara
Nitamtetea shemasi. Kutoka 20:11 inasema kwa siku sita BWANA alifanya mbingu na nchi, na amri ya Sabato imesimama juu ya hizo siku. Katika Warumi 5 Paulo anamweka Adamu upande mmoja na Kristo upande wa pili. Adamu akiwa hadithi tu, hoja ya Paulo inashika wapi? Si ushamba kuamini hivyo. Lakini kumtisha mtoto kwamba jibu la mtihani linamkana Bwana, hapana. Mimi nilikuwa naandika "kwa mujibu wa wanasayansi", nikaendelea, na alama zangu nikapata.

Mchungaji mstaafu
Mama, huu mjadala haukuletwa na shule. Augustino wa Hippo, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, Mwafrika mwenzetu aliyefariki mwaka 430, aliamini Mungu aliumba vyote kwa mara moja na kwamba siku zile sita si siku kama hizi zetu. Jua linatokea siku ya nne. Jioni tatu za kwanza zilikuwaje? Na Mwanzo 2:4 inasema "siku ile BWANA Mungu alipoziumba mbingu na nchi", kazi yote ndani ya siku moja. Ile miaka 6000 ya umri wa dunia inayohubiriwa nayo si andiko. Ni hesabu, na iliyovuma zaidi ni ya Askofu James Ussher wa Ireland, aliyeweka uumbaji mwaka 4004 KK. Hesabu hiyo ikaja kuchapwa pembeni ya Biblia za Kiingereza, watu wakaizoea kama aya.

Ila usiende kwa mumeo na haya yote. Aliposema ufufuo, alikuonyesha hofu yake. Ianze hiyo. Katika 1 Wakorintho 15 Paulo anataja waliomwona Yesu kwa macho, zaidi ya mia tano kwa mara moja, na wengi wao walikuwa hai bado. Hayo ni maneno ya mtu anayeleta mashahidi. Mwanzo 1 ina mapigo yake, "ikawa jioni ikawa asubuhi", kama wimbo wa ibada. Kusoma kila andiko kwa namna lilivyoandikwa si kuchagua cha kuamini.

Mama wa watatu
Na msibishane tena mbele ya huyo mtoto. Hiyo sifuri aliibeba kwa ajili yenu.

Mleta uzi
Mungu awabariki. Jana usiku nilimwambia baba watoto: naamini kaburi ni tupu, hapo sijawahi kusogea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mimi sikutaka afeli." Kwake Adamu ni mtu halisi na siku ni siku, nami nimemwambia sawa, tusali pamoja. Ya Augustino sijamgusia. Asubuhi hii nimewakuta mezani, baba kashika daftari la Historia, anamuuliza binti maswali. Mwalimu kakubali arudie mtihani Alhamisi.